Kufuatilia barabara ya kijijini iliyosahaulika, iliyojengwa na mtu mmoja kwa mikono: pa kuanzia ni wapi?

Mfuata_Njia

Wakuu, heshima zenu. Naomba mwongozo kwa wanaoijua kazi hii.

Kuna barabara ya mlimani ya kilomita 3 hivi, kutoka bondeni hadi kijiji cha juu. Upande ule wa mlima una mteremko wa kama asilimia 40. Inasemekana mtu mmoja aliichimba miaka ya 1960 kwa sururu, mtaimbo, koleo na toroli. Ilitumika hadi ilipofunguliwa barabara nyingine upande wa pili wa mlima, kisha ikaachwa. Ramani za sasa haziionyeshi kabisa. Vilivyobaki wazi ni vipande viwili tu: mita 200 hivi za sakafu tambarare karibu na bonde, na kipande kifupi cha katikati chenye ukuta wa mawe makavu. Kwingine kote ni kichaka, vijia vya mbuzi na makorongo.

Nataka kuchora njia yote ilikopita, kwa usahihi unaoweza kutetewa. Nitatofautishaje barabara na kijia cha mifugo au tambarare ya asili? Na je, inawezekana kupima kama kweli ni kazi ya mtu mmoja, au ni sifa tu iliyokua kadiri miaka ilivyopita?

---

Stereoskopu

Mkuu, usianze na panga kichakani. Anza mezani, tena na picha za anga kabla ya ramani.

Ramani ya zamani ina miaka miwili tofauti: mwaka picha zake zilipopigwa na mwaka ilipochapishwa. Pengo huweza kufika miaka kumi. Soma maandishi madogo pembezoni mwa karatasi kabla hujasema "mwaka fulani barabara haikuwepo". Halafu mchoraji wa ramani ya 1:50,000 alikuwa na haki ya kuacha njia nyembamba isiyo na hadhi rasmi. Ramani kutoionyesha barabara hakuthibitishi chochote.

Picha za anga hazichagui. Tafuta mfululizo wote wa eneo hilo kwenye ofisi ya upimaji na ramani, na uombe jozi zinazopishana ili uzitazame kwa stereoskopu, kifaa cha lenzi mbili kinachounganisha picha mbili zionekane kwa kina. Mlima ukiinuka mbele ya macho, sakafu ya barabara hujionyesha kama mkwaruzo mwembamba unaopanda kwa ulalo mmoja, hata pale ambapo kwenye picha moja tu huoni kitu. Chagua zilizopigwa asubuhi au jioni, kiangazi, kwa sababu kivuli cha ukingo wa juu ndicho kitakachokusaidia.

Kwa miaka ya 1960 kuna hazina nyingine: picha za setilaiti za kijasusi za Marekani za mpango wa CORONA, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1995. Zinatafutwa kwenye tovuti ya EarthExplorer ya USGS, idara ya jiolojia ya Marekani. Bora zaidi ni za kamera ya KH-4B, kuanzia 1967, ambazo huonyesha vitu vya ukubwa wa mita 2 hivi. Sakafu ya mita 3 iliyochimbwa karibuni, yenye udongo mbichi unaong'aa, huonekana vizuri. Shida yake ni kwamba kamera ilikuwa ya kufagia kutoka upande hadi upande, hivyo pembeni mwa filamu umbo la ardhi limevutika. Usioanishe ukanda mzima na ramani ya sasa kwa mkupuo. Kata kipande cha eneo lako tu, weka alama 12 hadi 15 za vitu visivyohama (makutano ya mito, majabali, pembe za majengo ya kale), kisha uoanishe kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani.

Na hapa ndipo utakapoanza kumwona mjenzi. Barabara ya mkandarasi huonekana nzima: picha moja haipo, inayofuata imeshafika kileleni. Ya mtu mmoja hukua. Picha ya kwanza itakuonyesha kipande kinachoishia mahali pasipo na kitu chochote. Ya miaka mitatu baadaye, ncha imesogea. Weka ncha hizo kwenye ramani pamoja na tarehe za picha na utapata mwendo wa kazi yake kwa mita kwa mwaka. Sijui ushahidi mwingine unaoshinda huo.

Usipoteze muda na data za mwinuko za mita 30 zinazopatikana bure, kwa kuwa barabara ya mita 3 hupotea ndani ya pikseli moja. Ikiwa eneo limepimwa kwa laida, yaani leza kutoka angani inayopenya kati ya majani, chukua ya mita 1 na utengeneze kivuli cha mlima kwa mwanga wa pande mbili angalau, mmoja kutoka kaskazini-magharibi na mwingine kaskazini-mashariki. Mstari unaolala sambamba na mwanga hauonekani kabisa, na wengi huishia kusema "haipo" kwa sababu hiyo tu.

Jambo la mwisho: angalia datamu ya ramani ya zamani, yaani msingi ambao vipimo vyake vya mahali vilihesabiwa. Ukiiweka juu ya WGS84, datamu inayotumiwa na GPS, bila kubadilisha, mstari wako unaweza kuhama mamia ya mita, na utakwenda kukata kichaka cha mlima usiohusika.

---

Sururu_na_Pima

Naongezea ya ardhini, maana mezani utapata nusu tu.

Kanuni ya kwanza: mtu mmoja hana nguvu ya kupoteza. Kila kona ya barabara yake ni hesabu ya udongo. Ukijua aliepuka nini, utajua alipita wapi. Kwa hiyo usianzie kwenye ncha na kutembea kwa kubahatisha. Anzia sehemu ambazo hakuwa na namna ya kuziepuka: vivuko vya makorongo, shingo ya mlima, na miamba inayotokeza. Pale ndipo alipolazimika kujenga kwa mawe, na mawe hubaki. Ukishapata vivuko vyote, vipande vya kati vinajifunga vyenyewe.

Kanuni ya pili ni ulalo. Pima vile vipande ulivyonavyo. Tumia klinomita, kifaa cha mkononi cha kupimia ulalo, au mpira unaopitisha mwanga wa mita 10 uliojazwa maji bila mapovu. Huo hukupa tofauti ya kimo kwa usahihi wa sentimita moja au mbili. Tuseme kipande cha bondeni kinapanda mita 3.5 kwa kila mita 50, yaani asilimia 7. Aliyekuwa akisukuma toroli lenye mawe aliuhisi ulalo huo mgongoni, na hakuubadilisha bila sababu. Simama mwisho wa kipande, weka klinomita kwenye asilimia 7, mtume mwenzako mbele na fito yenye alama kwenye kimo cha jicho lako. Alama ikikaa sawa na mstari wako, hapo alipo ndipo pa kutafuta, mita 3 juu na mita 3 chini yake. Endelea hivyo kwa hatua za mita 20 hadi 30.

Mstari ukikugonga kwenye jabali, tazama chini yake kwanza. Jiwe la mita moja kila upande lina uzito wa karibu tani 2.7, na mtu mmoja mwenye mtaimbo halisogezi. La nusu mita ni kilo 340 hivi, hilo hupinduliwa. Kwa hiyo barabara ya namna hii hupinda ikizunguka mawe makubwa, na hubadilika upana: mita 3 kwenye udongo laini, mita 2 kwenye mwamba, kisha hupanuka tena. Ya mkandarasi hushikilia upana mmoja na kupasua kilicho mbele.

Kuhusu kijia cha mbuzi: kina upana wa sentimita 30 hadi 40, hugawanyika na kuungana, hupanda ghafla kisha kushuka, na hakikati mwamba hata siku moja. Tambarare ya asili hufuata tabaka la mwamba. Utaiona ikiendelea kwa kimo kilekile kwenye kilima cha jirani pia. Barabara hukata tabaka kwa mshazari.

Makorongo uliyoyataja ni dalili njema. Korongo la asili huteremka moja kwa moja kwa mkato mfupi kabisa wa mteremko. Ukiona korongo linalokwenda kwa mshazari, likiukata mlima kwa ulalo wa asilimia 6 au 8, hiyo ndiyo barabara yako yenyewe. Kilichotokea ni kwamba kalavati, yaani mfereji wa kupitisha maji chini ya barabara, iliziba, maji yakaacha njia yake, yakapanda sakafuni na kuifanya mtaro. Fuata korongo hilo kwenda juu mpaka linapoanza. Hapo chimbuko lake ni kivuko kilichoziba, na mawe ya kalavati yako chini ya kifusi.

Pale ambapo juu hakuonekani kitu, tumia fito ya chuma ya milimita 10 au 12, urefu wa mita 1.2. Ichome ardhini kila sentimita 25 kwa mstari unaokata njia, kutoka upande wa mlima kwenda upande wa bonde. Kwenye udongo ulioporomoka fito huzama kirahisi. Ikifika kwenye sakafu ya changarawe iliyoshindiliwa hugonga na kutoa mlio mkavu, tena kwa kina kinacholingana kwa mita 2 au 3 mfululizo. Andika kina cha kila tundu. Kosa la kawaida ni kutafuta sakafu kwenye tambarare inayoonekana tu. Udongo wa juu huporomoka na kufukia mtaro wa ndani pamoja na nusu ya sakafu, kwa hiyo tambarare unayoiona leo ni ukingo wa nje. Katikati ya barabara ya kweli iko mita moja au zaidi kuelekea mlimani.

Mimea nayo husema, ila isikilize kwa tahadhari. Sakafu ngumu huzaa nyasi fupi na miti iliyodumaa, mtaro wa kando huzaa mimea minene iliyonyooka kwa mstari. Mwisho wa masika hadi katikati ya kiangazi tofauti huwa kubwa kuliko wakati wowote. Mimea peke yake si ushahidi. Iwe sababu ya kuchoma fito.

---

Mfuata_Njia

Nashukuru sana wakuu. Nina swali juu ya kile kipande cha ukuta. Mita 15 hivi zimesimama, kimo kama mita 1.2, halafu unakatika. Mbele yake kuna mawe yametapakaa mteremkoni. Nijuaje kama ukuta uliendelea au uliishia hapo? Na mwambani kuna matundu ya duara, sina hakika ni ya nini.

---

Jiwe_Kavu

Ukuta kwanza. Uliojengwa ukaishia una mwisho uliofungwa: mawe makubwa yamepandishwa kwa kupishana, moja refu, moja la kukingama, hadi juu. Uliovunjika una ngazi iliyochakaa, mawe madogo ya kujazia yakichungulia katikati. Ukikuta hali ya pili, ukuta uliendelea. Mawe yaliyotapakaa chini hukaa kwa umbo la upepeo wa mkono, mapana chini na membamba juu. Panda kutoka kwenye upana kwenda kwenye wembamba. Ncha ya juu inakuelekeza kwenye msingi, na mara nyingi safu ya kwanza bado imelala ardhini kwa sababu ilichimbiwa.

Pima unene wa kitako na kuegemea kwake. Ukuta mzuri wa kuzuia udongo una kitako cha theluthi moja hadi nusu ya kimo, na kwa kila sentimita 60 za kupanda huegemea mlima kwa sentimita 10 hivi. Wa kimo cha mita 1.2 uwe na kitako cha sentimita 40 hadi 60. Tazama pia kama kuna mawe marefu yanayopenya kutoka uso hadi nyuma. Yakikosekana, ukuta hutokeza tumbo katikati maji yakijaa nyuma yake, kisha hupasuka. Mjenzi wa peke yake hujifunza: vipande vya mwanzo havina mawe ya kupenya, vya baadaye vinayo. Ukiliona badiliko hilo, unajua alianzia upande gani.

Matundu: yatazame kwa tochi. Tundu la kipenyo cha milimita 25 hadi 40 lenye mduara usio kamili, kama pembetatu iliyoviringishwa, limechimbwa kwa tindo ndefu iliyogeuzwa kwa mkono baada ya kila pigo. La mashine ni duara kamili. Ukiona nusu ya tundu imebaki kama mfereji kwenye uso wa mwamba, hapo baruti ililipuka. Safu ya matundu mafupi ya sentimita 10 hadi 15 ni ya kabari za kupasulia, bila baruti.

Na sikiliza hapa: tundu zima lililofungwa kwa udongo mgumu usilichokonoe, wala usiliguse kwa fito ya chuma. Linaweza kuwa na baruti isiyolipuka. Lipige picha, weka alama, toa taarifa kwa mamlaka ya migodi au polisi.

---

Hesabu_ya_Kifusi

Nijibu lile la "mtu mmoja kweli?", kwa sababu linahesabika.

Chora mkato wa mlima. Barabara ya mita 3 kwenye mteremko wa asilimia 40, nusu imekatwa na nusu imejazwa: upande wa kukata una upana wa mita 1.5 na kina cha mita 0.6, pembetatu ya mita za mraba 0.45. Kila mita moja ya barabara ni mita za ujazo 0.45, na kilomita 3 ni 1,350. Pale ambapo kifusi hakikai na sakafu yote imelazimika kukatwa mlimani, mkato ni 1.8 kwa mita, mara nne zaidi. Ndiyo maana alijenga ukuta: kila mita ya ukuta ilimwokolea uchimbaji.

Sasa gawanya kwa uwezo wa mtu. Viwango vya ILO, Shirika la Kazi Duniani, vya barabara za nguvu kazi huweka kwa mtu mmoja kwa siku mita za ujazo 5 kwenye udongo laini, 3.5 wa kati, 3 mgumu, 2 mgumu sana, na 0.8 kwenye mwamba. Mita za ujazo 1,350 za udongo mgumu ni siku 450. Za mwamba mtupu ni siku karibu 1,700. Ongeza mitaro, kuta, makalavati na kuchonga ukingo wa juu. Mimi huzidisha jumla mara mbili. Kwa mkulima mwenye siku 100 za nafasi kwa mwaka, udongo mgumu ni miaka 9. Inawezekana kabisa. Hesabu ikikutolea miaka 60, kulikuwa na wasaidizi au mtambo.

Linganisha na kazi zinazojulikana. Dashrath Manjhi wa Gehlaur, Bihar, India, alipasua kilima kwa nyundo na tindo kuanzia 1960 hadi 1982: urefu mita 110, upana mita 9.1, kina hadi mita 7.6. Hata ukichukulia kina hicho chote mwanzo hadi mwisho, ni mita za ujazo kama 7,600 kwa siku 8,030, yaani 0.95 kwa siku. Kina halisi hupungua kuelekea kwenye ncha, kwa hiyo kiwango chake kinashuka hadi karibu nusu ya hapo. Kiko ndani ya uwezo wa binadamu, na ndiyo sababu naiamini bila kusita.

Angalia pia mashimo ya changarawe. Toroli lina maana hadi mita 150 hivi. Vishimo vidogo vingi, kila mita 50 au 100 kando ya njia, ni alama ya toroli. Shimo moja kubwa kilomita mbali ni alama ya lori.

---

Karani_wa_Nyaraka

Tahadhari kuhusu maandishi. Jalada la serikali mara nyingi huanza mwaka barabara ilipopokelewa, halitaji mwaka ilipojengwa, na humtaja aliyeweka lami. Mfano ulio wazi ni barabara ya Calum MacLeod kisiwani Raasay, Scotland, kati ya Brochel na Arnish, kilomita 2.8. Aliijenga kwa sururu, koleo na toroli kwa miaka kama kumi, 1964 hadi 1974, lakini halmashauri iliipokea na kuiwekea lami mwaka 1982. Anayesoma jalada la lami peke yake atakosea kwa karibu miaka 20. Huyohuyo anafundisha jambo jingine: ulipuaji wa mwanzo ulifanywa kwa fedha za idara ya kilimo. Neno "peke yake" likichunguzwa huwa na mipaka, na kuitaja mipaka hiyo hakumpunguzii mtu heshima yake.

Kwa hiyo tafuta barua za kabla: maombi ya barabara yaliyokataliwa, mihtasari ya vikao vya halmashauri, vibali vya baruti, vitabu vya kumbukumbu vya shule (wanafunzi walipungua lini, gari lilifika lini mara ya kwanza), na madaftari ya wapima mashamba, ambao huandika "njia" kwenye mipaka hata pale ramani ilipoiacha.

Kwa wazee, tembea nao njiani badala ya kuketi nao barazani, na uwaulize mmoja mmoja. Usiulize "ilijengwa mwaka gani". Uliza barabara ilikuwa imefika wapi yalipokuja mafuriko au njaa wanayoikumbuka, gurudumu lilikuwa likikwama wapi, kifusi alikimwaga upande gani, nani alimletea maji na chakula. Hilo la mwisho lisikose: mara nyingi mke, ndugu au watoto walishika fito na kubeba mawe, na majina yao hayamo popote. Kabla ya kurekodi na kuandika jina la yeyote, omba ridhaa ya familia.

---

Stereoskopu

Nimalizie na uhifadhi. Mstari wako ugawe katika madaraja matatu: ulioonekana ardhini, uliothibitishwa kwa fito au picha, na uliokisiwa kwa ulalo. Usichore mstari mmoja mfululizo wa rangi moja. Simu hukosea mita 5 uwanjani na zaidi ya mita 10 chini ya miti, kwa hiyo kwenye kila kivuko simama dakika kadhaa na uchukue wastani. Kila picha iwe na fito ya kipimo ndani yake na mwelekeo wa dira.

Hifadhi faili la GPX (la njia za GPS) kwa ajili ya njia na jedwali la CSV (maandishi matupu) kwa vipimo. Vipande vinavyoonekana bado viweke OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Vilivyotoweka kabisa havikubaliki kule; hivyo peleka OpenHistoricalMap, ramani ya namna hiyohiyo ila ya vitu vya zamani, ambako unaweza kuweka mwaka wa kuanza na wa kuisha kwa kila kipande, na zile ncha ulizozipata kwenye picha za anga ndizo zitakazokupa miaka hiyo.